Keki ya Kumezeka

Kwetu keki mtu hali, analishwa. Kwenye sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, keki hukatwa vipande vidogo, kila kipande kinachomwa kijiti cha meno, na binti anapita nacho kwa baba, kwa mama, kwa shangazi na wajomba. Unafungua kinywa, unapokea, vigelegele vinapigwa na kamera inakumulika mpaka umalize kutafuna. Keki zenyewe nazijua vizuri. Nyingi ni kavu, zimekaa zikisubiri sukari ya juu igande, na bila soda haziendi. Lakini hakuna mama hapa Ifakara atakayekubali kuikosa ile ya binti yake.

Mama yetu alikuwa amejiandaa kuikosa.

Kiharusi kilimpiga mwaka uliotangulia, kikaondoka na mkono wa kulia na nusu ya ulimi. Kaka yangu akamtoa kijijini Idete, akamleta kwake Kibaoni ili awe karibu na hospitali. Alipata nafuu. Akatembea kwa kujikongoja, maneno yakarudi taratibu, na hasira zake zikarudi zote kwa mkupuo. Kilichogoma ni koo. Uji ulishuka, ndizi za kuponda zilishuka, ila kitu chochote kikavu chenye chengachenga kilimkaba. Kwenye kipaimara cha mwanangu alilishwa keki kama bibi yeyote, akakohoa mpaka kilemba kikaanguka, na ukumbi mzima ukamkodolea macho. Tangu siku hiyo hakula tena mbele za watu.

Kwa hiyo kitinda mimba wetu alipochumbiwa na sendofu ikaanza kupangwa, mama alisema, "Shangazi yenu atakaa mahali pangu." Alisema kama mtu anayegawa kazi za shambani. Mdogo wangu akaenda kulia chumbani. Mimi nikagomba, maana ndicho ninachokiweza.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakulia wala hakugomba. Huyu ni binti wa Kisukuma. Wazazi wake walikuja bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa bado mdogo, wakakaa upande wa Michenga. Hata mimi, ambaye tumepishana umri kidogo tu, ananipigia goti akinisalimia, na huwa nanuna kwa kufanywa bibi kizee kabla ya wakati. Siku alipoolewa nilitangaza kwamba sasa tutakula viazi vya kwao vilivyokaushwa mpaka Krismasi. Basi ndiye aliyesema, huku anasugua sufuria, "Mama atakula keki ya wifi mdogo. Nitatengeneza inayomezeka."

"Keki inayomezeka ni uji," nikamwambia.

"Basi itakuwa uji mzuri, wifi."

Alikuwa ameiona kwenye simu. Keki isiyo na unga hata chembe, matabaka tu: tabaka la krimu ya chokoleti laini iliyojaa hewa, tabaka la biskuti nyeupe za povu la ute wa mayai na sukari, tena krimu, tena povu. Akili yake ilikuwa kwenye krimu. Zile biskuti alipanga kuziacha.

Nilikwenda kumtazama akiitengeneza, nikidai nimekuja kurudisha ungo. Maziwa yalitoka kwao Michenga. Aliyapasha moto, akayapoza, akayaacha kwenye friji mpaka mafuta yakapanda juu, akayaengua kwa upole. Viini vya mayai ya kienyeji alivikoroga na maziwa ya moto, jikoni, mpaka vikawa vizito. Chokoleti ya dukani aliiyeyusha kwenye bakuli juu ya maji yanayochemka. Mama wakati huo ameketi mlangoni pa jiko, anaangalia kila kitu. Idete alikuwa na mibuni michache na miti ya kakao nyuma ya nyumba. Tulipokuwa watoto tulinyonya ule utamu mweupe wa punje, mbegu zikakaushwa na kuuzwa, na chokoleti yenyewe hatukuijua ikoje. Wifi akaanza kupiga krimu kwa kipigio cha waya, bakuli likiwa ndani ya beseni la barafu. Alipiga na kupiga. Mimi ningekuwa nimeshatukana ukoo wa ng'ombe wote. Yeye alibadilisha mkono tu, akaendelea, mpaka krimu ikasimama. Kisha akaichanganya na vile viini na chokoleti, si kwa kukoroga, bali kwa kufunua kutoka chini kuja juu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.

Mama alilishwa kwa kijiko, pale pale mlangoni, na ikashuka. Haikumletea hata kikohozi. Mdogo wangu akapiga kigelegele, na mimi nilikuwa nimekwisha kushika simu kumwambia shangazi kwamba kiti chake kimerudi kwa mwenyewe. Mama akatikisa kichwa.

"Ukumbini, kijiko hapana. Kijiko nililishwa wodini."

Hapo nikajua hatumwezi. Na alikuwa na haki. Mama wengine wote wanalishwa kwa mkono wa binti, wamekaa na heshima zao, halafu yeye apelekewe kijiko na kikombe kama mgonjwa, kamera ikiwaka! Tukajaribu kijiti cha meno, krimu ikateleza ikaanguka kwenye kanga. Wifi akafuta ile kanga, akasema, "Inataka kitu cha kuibeba," akarudi kwenye simu yake kusoma habari za povu.

Povu halitaki moto mkali. Linataka joto dogo la muda mrefu, likauke bila kuiva. Oveni hatuna, na jiko la mkaa halijui kunong'ona. Siku nzima alikuwa anazunguka akiwaza, kisha nikamwona anarudi kutoka kwenye mashine za kukoboa mpunga na kiroba cha pumba kichwani. Pumba kwetu ni takataka. Zinarundikwa nyuma ya mashine, watu wanachomea matofali, na rundo likishika moto linafukuta kwa siku kadhaa bila kutoa mwali. Wote tumepita pale tangu utotoni, tukiziba pua. Yeye ndiye aliyepita akafikiria keki. Alizishindilia kwenye debe, akaziwasha, akasubiri moshi wote uishe, akamwagia majivu juu. Akaweka sufuria kubwa yenye mchanga, na ndani yake sinia lenye lile povu alilolitandaza mviringo. Kifuniko akakiegemeza kwa kijiti ili unyevu upate pa kutokea. Kisha akaenda kuchota maji.

Sasa, mtu wa bonde hili ukimwonyesha sufuria iliyofunikwa, kavu, haina makaa juu ya kifuniko, anaumwa. Wali wetu unapokauka maji lazima uwekewe makaa juu. Bila hivyo si wali, ni mchele uliolowa. Mama amefanya hivyo maisha yake yote. Alikuwa pale kwenye kigoda chake, jirani yake jiko la maharage linawaka vizuri, koleo lipo karibu. Alitoa kile kijiti, akafunga kifuniko sawasawa, na kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akahamisha makaa moja moja mpaka kifuniko kikajaa.

Tulifika na wifi pamoja. Harufu ya sukari inayoungua ilitupokea uani.

"Ulisahau makaa," mama akasema. "Nimekuwekea."

Mimi nilifungua mdomo. Wifi akaniwahi. "Asante, mama. Kweli nilisahau." Akapiga goti, akapokea koleo kwa mikono miwili. Sijawahi kumpenda mtu wa kuolewa kwetu kama nilivyompenda dakika ile, na ninaandika haya nikiwa na akili zangu timamu.

Akafunua. Povu lilikuwa limepasuka, rangi ya kahawia juu, nyeupe ubavuni. Mama akataka kuona ni chakula gani hicho kilichomwaibisha. Akamega ubavuni, na kabla hatujamzuia akakitia mdomoni. Kikavu! Chengachenga tupu! Mimi nilikwisha kufika mgongoni kwake, mkono juu, tayari kumpiga kama tulivyofundishwa hospitalini. Wifi alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamtazama kooni. Mama akasogeza ulimi huku na huku kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Kimeyeyuka," akasema, na akanyoosha mkono kumega tena.

Tuliangua kicheko, lakini wifi hakucheka. Alichukua sahani, akaweka kipande cha povu na kijiko cha krimu juu yake, akafunika, akawasha bajaji ya jirani kwa maneno matamu na kwenda moja kwa moja kliniki. Nesi anayemfanyisha mama mazoezi ya kumeza alikitia kipande kwenye maji ya vuguvugu, wakakitazama wote wawili kikipotea. Ruhusa ikatoka: vipande vidogo, mama akae wima, kidevu kiwe chini, asiongee akiwa na kitu mdomoni. Hilo la mwisho, wifi alituambia, nesi alilirudia mara mbili maana anamjua mgonjwa wake.

Akaanza upya, na safari hii mama akapewa kazi ya kulinda kifuniko kisiguswe na mtu. Alikilinda hasa, paka mwenyewe alikoma. Miviringo ya povu ilitoka myeupe, mikavu, ukiigonga kwa kucha inalia. Wifi akapanga: povu, krimu, povu, krimu, povu. Krimu ya juu akailainisha kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Aliiacha usiku kucha kwenye friza la jirani anayeuza samaki, imefungwa mara nne kwa nailoni, ili povu linywe unyevu wa krimu na kulainika, lakini lisilegee kiasi cha kushindwa kushikika. Alikataa kabisa kutengeneza ya mama peke yake. "Itakuwa keki ya ukumbi," akasema. "Anayokula mama ndiyo wanayokula wote."

Kamati ya sherehe haikufurahi. Walizoea keki ya ghorofa yenye rangi ya sare. Mwenyekiti wao aliichungulia kwenye kisanduku cha barafu, akauliza kama hiyo ni keki au ugali wa ulezi. Nilimjibu, na jibu lenyewe halifai kuandikwa.

Muda wa keki ulipofika, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, meza kuu, kilemba kimefungwa kikakazwa. Shangazi alikaa pembeni yake na glasi ya maji, anajifanya haangalii. Mdogo wangu akakata. Hapakuwa na vijiti vya meno. Mshereheshaji akavitafuta mezani, akachanganyikiwa, akaamua kusifia mapambo. Bibi harusi mtarajiwa akachukua kipande kidogo kwa vidole vyake, povu chini, krimu juu, akaenda kwa mama yake akapiga magoti. Desturi yetu ndiyo hiyo, binti hupiga magoti, na kwa kupiga magoti kwake mama akalazimika kuinamisha uso, kidevu kikawa chini kama nesi alivyotaka.

Kipande kikaingia.

Muziki ulikuwa umezimwa. Waliokuwapo kwenye kipaimara walikumbuka, niliona kwenye nyuso zao. Mtu wa kamera akateremsha kamera yake, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa nimeshika kingo za meza mpaka vidole vinauma. Nikamtafuta wifi yangu. Alikuwa nyuma kabisa, amesimama karibu na mlango wa jiko, aproni bado kiunoni, na niliona koo lake linameza, mara moja, tena, linameza pasipo na kitu, kana kwamba angeweza kumsaidia mama kutoka kule.

Mama hakuwa na haraka. Alisubiri kiyeyuke. Akameza. Akasubiri tena, na ukumbi ukasubiri naye. Mshereheshaji akamsogezea maikrofoni, labda alidhani atatoa neno la wosia kwa binti. Mama hakumtazama binti wala mshereheshaji. Aliinua uso, akaangalia watu wote waliomwona siku ile nyingine, akafungua kinywa chake wazi kabisa, akatoa ulimi, akautembeza kushoto na kulia ili kila mmoja aone.

"Hamna kitu," akasema. "Nipeni tena."