Tuta la Mama na Hewa ya Matopeni

Mpaka leo naisikia: pwu. Kiputo kinapanda kutoka kwenye matope, kinapasuka karibu na kisigino changu, kisha kimya. Jaluba la mama, shamba lake la mpunga, nimelipalilia tangu niko darasa la tatu, na kile kiputo nilikichukulia kama salamu ya shamba. Sikujua kuna siku nitasafiri kwa ajili yake.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha mpunga alituambia kwamba maji yakisimama muda mrefu kwenye majaluba, matope yanatoa hewa inayoongeza joto duniani. Nchi imejiwekea lengo la kuipunguza, hivyo wakulima tuwe tunakausha mashamba kwa siku kadhaa. Kukausha! Mpunga wa mama ndio kwanza umeshika mimba, na mvua imekata wiki nzima. Jaluba lenyewe ni hilo moja, chakula chetu cha mwaka. Watu nao wakaongeza chumvi: atakayekaidi atanyimwa mbegu msimu ujao. Basi ulipoitishwa mkutano Mwanza, kikundi kikanichagua mimi, eti nasoma haraka na siogopi kucheka mbele za watu.

Alfajiri mama alinisindikiza hadi barabarani, jembe begani.

"Kabula, sikutumi hotuba. Nakutuma neno moja tu. Nifungue tuta maji yatoke, au nisifungue?"

"Nitakuletea, mayu," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye gati la Kamanga, na kivuko kilipong'oa nanga nikaanza ndoto zangu. Nikajiona nimerudi na lile neno, wanawake wananipigia vigelegele, mwenyekiti anasogea nikae. Ng'ambo miamba ya Mwanza ilikuwa inakuja polepole, nami nikiipungia mkono kama mjinga.

Saa nne nilifika Buhongwa, pembezoni mwa jiji, kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia umekuja kushtakiana na hewa. Wanaiitaje?"

"Mwenyekiti anaiita hewa ukaa."

"Inakaa wapi?"

"Angani."

"Si imeshaondoka kwenu? Mnaifuata ya nini?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Asubuhi iliyofuata, ukumbini, mtaalamu alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole. Alipotaja lengo, mama mmoja kutoka Magu akasimama.

"Hilo lengo ni la nani?"

"La taifa, mama."

"Jaluba la taifa liko upande gani, tukalisaidie kupalilia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mfugaji wa nyuma yangu akadakia, "Leo mpunga! Kesho mtamkataza ng'ombe wangu kucheua, eti naye anatoa hewa!"

Dada naye alicheka, kisha akaeleza vizuri kabisa. Unaacha maji yashuke, halafu unayarudisha, na mpunga hauumii. Nikanyoosha mkono.

"Sisi tusio na mfereji, tunayarudisha na nini?"

"Unaitwa nani?"

"Kabula."

"Kumbe umezaliwa mvua ikinyesha!" mama wa Magu akapaza sauti, maana kwa Kisukuma jina langu ni la mvua. "Si uirudishe wewe?"

Watu wakacheka tena. Dada akapekua karatasi zake. "Kwa wanaotegemea mvua, mwongozo bado unaandaliwa."

Saa ya chai nikamfuata. "Dada, mama ananisubiri na jembe. Mbegu mtatunyima?"

"Hapana, hakuna kitu kama hicho. Wala halazimishwi mtu."

"Basi tusifungue?"

Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, nikikwambia fungua na mvua isinyeshe, mtalala njaa. Nikikwambia usifungue, joto hilohilo ndilo linalovuruga mvua yenu. Na jaluba lenu sijaliona."

Akanionyesha bomba fupi lililotobolewa matundu. Unalichimbia matopeni, unachungulia ndani, unaona maji yako wapi hata kama juu pamekauka. Hilo nililielewa. Hilo tu.

Alasiri, kwenye kivuko cha kurudi, nilijaribu kulitafuta lile neno moja. Kila nikilishika, lingine linalikanyaga mguu.

Mama nilimkuta juu ya tuta. Alikuwa amechimba pengo dogo kwa jembe, upana wa kiganja, maji yanachuruzika.

"Nimetangulia kidogo," alisema, "ukisema ndiyo nisichelewe. Haya, nifungue?"

"Mbegu utapata, na halazimishwi mtu. Ila kufungua... sijui, mayu."

"Umevuka ziwa mara mbili kuniletea 'sijui'?"

"Ndiyo."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akacheka. "Hata huo ni mzigo. Utue, ukale."

Nilichojifunza ni kidogo na kinanitatiza hadi sasa: mama anasema kweli, na yule dada anasema kweli, na jaluba ni lilelile moja.

Kesho yake, kulipopambazuka, nilikwenda shambani peke yangu. Nilikuwa nimetoboa chupa ya plastiki kwa msumari wa moto na kuikata mdomo. Nikaichimbia kwenye kona ya jaluba, nikangoja, nikachungulia. Maji yakapanda ndani yake taratibu. Nikatazama mbingu: nyeupe, haina hata wingu. Nikainama, nikachota matope kwa mikono miwili, nikaliziba lile pengo la mama, nikalishindilia kwa kiganja mpaka mchuruziko ukakoma.

Nyuma ya kisigino changu kiputo kikapasuka: pwu.

"Samahani," nikasema, na sijui nilikuwa namwambia nani.