Piloti Mwenye Aliangukia Mahindi ya Koko

Mwaka ule koko yangu, mama ya mama, alikuwa na neno moja tu: "Ku kambi sirudie." Tulikuwa tumemaliza miaka mbili mu hema ya wakimbizi, tunapanga mustari ya kupata unga. Sasa amani ilikuwa imerudia, ile amani ya kulala na viatu mu miguu. Koko akalima mahindi nyuma ya Bunia, ku barabara ya Iga Barrière. Ilipofika mu magoti, viwavi ikaingia. Kama ingekufa, hatukuwa na kitu ingine ya kula. Kambi ingetumeza tena.

Agronomu akapita na megafone: elikopta itakuya kumwanga dawa, itapita chini sana, batu yote batoke mu mashamba basimame ku barabara. Mi ni mwalimu, nikamuelezea koko mara tatu. Akanijibu: "Weye, unanifundisha kusimama?"

Siku yenyewe tukavaa kama ya misa. Koko akafunga ku kiuno pagne yake, kitambaa ya Pasaka. Siye na majirani, batu kumi na mbili, tukajipanga ku barabara, tunangojea maajabu.

Ee Mungu wangu! Elikopta ikatokea nyuma ya kilima, chini chini, na ule muungurumo. Miguu yangu haikuniuliza kitu. Mu vita tulijifunza hivi: ukisikia elikopta, ku barabara njo banaonaka mutu. Kimbilia mu shamba, lala tumbo chini, usipumue. "Lala!" koko akapiga kelele. Siye yote tukaingia mu mahindi, tukalala kabisa pale penye piloti alikuwa anakuya kumwanga. Shida ni kwamba mahindi ilikuwa ya magoti. Matako yetu yote, na pagne ya Pasaka, ilikuwa inatazama mbingu.

Piloti akatuona. Akavuta elikopta juu kwa nguvu, mukia ikagonga muti ya kaliptusi ya jirani, ikazunguka, ikakaa ku kona ya shamba na kelele ya masufuria mia. Dawa ikamwangika pale pale. Moto, hakuna.

Akatoka akichechemea, muzungu murefu, damu kidogo ku uso. Koko akainuka, akakunguta pagne. "Weye! Mahindi yangu!"

Piloti akauliza mu Kifaransa kwa nini tulilala. Mi njo mwenye kufundisha Kifaransa darasa la sita. Nikamwambia tu: "Tumezoea." Akaangalia elikopta yake. Nikamuelezea koko kwamba piloti angeweza kutumwangia dawa, akachagua kuanguka. Koko akamuangalia toka kichwa mpaka miguu. Halafu akaleta ndoo.

"Mwambie wenzake banachelewa kumuchukua. Mikono yake haikuvunjika. Atoe viwavi."

Basi tukatoa viwavi na piloti, mbali na ile kona ya dawa, moja moja. Kila kiwavi, ule muzungu murefu anaruka na woga! Tulicheka mpaka mbavu ikauma. Saa sita koko akamukalisha ku kiti yake mwenyewe, akamupa bukari, ule ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo.

Nyuma ya chakula, elikopta ingine ikakuya kumutafuta. Muungurumo ule ule. Tukalala, batu kumi na mbili. Nikageuza uso: piloti alikuwa amelala karibu na koko, tumbo chini, viwavi ya ndoo imemumwangikia ku kichwa.

Koko akamugusa mugongo. "Amuka, mwana wangu. Ile ni ya kwenu."

Kona ile ya dawa ilikauka. Fasi ingine ya shamba tuliendelea kuitoa viwavi kwa mikono, kila asubuhi, na mahindi ikakomaa. Ku kambi hatukurudia. Hindi ya kwanza koko alikataa tuichome. "Ile ya piloti," akasema, akaitundika juu ya moshi ya jiko, fasi tunawekaka mbegu. Nilimwambia: "Piloti hatarudia, koko." Akaongeza kuni ku jiko. Mvua ilipoanza tena, akaishusha, tukaipanda.