Uzi Mwekundu wa Mama Fundo

Kila wavu uliopita mikononi mwa Mama Fundo ulitoka na uzi mwekundu pembeni. Washona nyavu wote wa soko lile la samaki wana alama zao; kiraka kikifumuka, alama ndiyo inayokuumbua. Cha kwake hakikuwahi kufumuka. Kwa uzi huo alisomesha mabinti wawili, na uzi huohuo ukamponza.

Sheria za uvuvi zimezaliwa nyingi tangu aolewe. Ya kwanza ilitaka tundu la wavu lipitishe vidole viwili, samaki wachanga waponyoke. Sawa, nani hataki samaki wakue? Mumewe akatii. Vidole vikawa vitatu. Wavu wake ukachomwa moto. Akanunua mwingine, sheria ikataka ngumi nzima. Nao ukachomwa. Mvuvi wa watu akaishia kusukuma mkokoteni wa barafu. Muda wote huo, duka la vifaa ng'ambo ya barabara liliendelea kuning'iniza nyavu zenye matundu yasiyompitisha hata chawa, mchana kweupe, kama mapazia ya harusi.

Safari hii kikaongezwa kifungu: anayeshona wavu haramu naye ana hatia. Bwana samaki, kijana wa serikali mwenye buti zinazong'aa, akapekua lundo la nyavu zilizokamatwa. Akauona uzi mwekundu.

"Mama, hii kazi yako?"

"Yangu, mwanangu. Si unaona ilivyonyooka?"

"Basi kibanda chako nakifunga."

"Nimeziba palipochanika! Hayo matundu mengine yote nimeyatoboa mimi?"

"Alama ni yako. Sheria haiulizi zaidi."

"Na aliyeuuza?"

"Wavu wa dukani hauna alama. Nitajuaje ni wake?"

Kufuli likabanwa, vifaa vyote vikabaki ndani. Ila sindano moja na uzi wake vilikuwa vimechomekwa kwenye kilemba, na buti zinazong'aa hazitazami juu.

Mama Fundo akavuka barabara. Akavuta kigoda cha mlinzi mlangoni pa duka, akaanza na wavu wa kwanza. Mwenye duka akadhani ni mteja anayekagua mali. Akamkaribisha hata chai. Alipokuja kushtuka, nyavu zote zilikuwa na uzi mwekundu pembeni.

"We mama, unaniharibia mali!"

"Ningekuwa na uwezo huo ningeanza zamani." Akageukia sokoni, akapaza sauti: "Bwana samaki! Njoo na kiberiti! Alama yangu hii hapa. Sheria haiulizi zaidi!"

Visu vya kupaa samaki vikanyamaza. Bwana samaki akafika katikati ya barabara, dumu la mafuta ya taa mkononi, akatazama duka, akatazama soko. Mume wa Mama Fundo akaegesha mkokoteni kando yake.

"Usiogope, kijana. Nyavu zangu mbili zilishika moto mara moja."

Watu wakaangua kicheko. Bwana samaki akageuza buti, akaenda kibandani, akafungua kufuli.

Mama Fundo hakuinuka kwenye kigoda.

"Kibanda ahsante," akasema. "Moto uko wapi?"