Sinia la Ummi

Bi Mayasa wa Tanga hupika pilau la harusi huko ugenini, mtaa wa Malvern, uani kwake, karibu na Barabara ya Jules. Akishakubali kazi ya Jumamosi haongezi nyingine. Wateja wengi hawana uaminifu huo. Harusi ikishavunjika wao husema, "Tumeahirisha kidogo," naye hubaki akingoja siku isiyokuja.

Wiki moja alikuwa amemkatalia Léonce, Mrundi aliyetaka chakula cha ubatizo wa mwanawe siku ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo mteja wake Ummi alikuwa anamwoza binti. Jumatano Ummi akabisha hodi, macho mekundu.

"Mwenzangu, posa imevunjika."

"Imevunjika, au mmesogeza mbele?"

"Imevunjika kabisa. Mahari tumesharudisha. Dada yangu alitaka nikwambie tumeahirisha, tusichekwe. Nikaona nitakuponza bure."

"Waache wacheke mpaka mbavu ziwaume," alisema Mayasa, akamvuta ndani. "Kaa unywe chai. Ahsante, Ummi. Hujui umeniokoa vipi."

Ummi alipoondoka, Mayasa alimpigia Léonce na kumkuta bado anahangaika kutafuta mpishi, akaichukua kazi ya ubatizo.

Kwa desturi ya Mayasa, sinia la kwanza huenda kwa mama wa bibi harusi. Jumamosi hapakuwa na bibi harusi, lakini alimweleza Léonce kisa chote na kumwomba ruhusa ya kumpelekea Ummi sinia hilo.

"Eish, mama, huyo ndiye aliyenipa mpishi!" Léonce akasema, akaongeza mapaja mawili ya kuku juu ya pilau.

Mayasa akalifunika sinia, akalipeleka mwenyewe kwa Ummi na bintiye.