Bilauri ya Kwanza ya Sharubati

Enzi zetu barafu ilikuwa kitu cha kufuatwa kwa miguu. Hawa wajukuu zangu wanafungua friji kama wanavyofungua mlango wa chooni, wala hawaangalii kilichomo. Zainabu, yule anayesoma chuo Morogoro, akija hapa Mikumi likizo anagandisha vipande vya embe kwenye mfuko, anavitia kwenye blenda, kelele dakika moja, kisha anachomeka kipande cha nanasi kwenye ukingo wa glasi na kuniambia hiyo ni moktel. Kabla hajanywa anapiga picha. Wakati anahangaika kutafuta mahali penye mwanga mzuri, kinywaji kinayeyuka. Mimi namwangalia tu.

Ninyi wenzangu mliopanga foleni ya sabuni na kula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mtanielewa. Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Ulaya, si ya wazungu, hii Ulaya yetu ya Kilosa, kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari, nyasi za mapaa bado zinanukia. Asubuhi wakubwa wote walikwenda shamba la kijiji, sisi tulikwenda shule, na mchana tulikuwa na shamba la shule la kupalilia. Joto la miezi ile kabla ya mvua za vuli mnalijua. Ardhi iliunguza nyayo mpaka tukawa tunatembea kwa kurukaruka, kutoka kivuli hadi kivuli.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani iliangukia humo humo kwenye joto, na maembe yalikuwa yameanza kuiva. Nilikuwa na miaka kumi. Ndio mwaka wa kwanza nilioomba mwenyewe kufunga mwezi mzima. Bibi yangu mzaa baba, tuliyeishi naye, alinitazama juu hata chini akasema, "Haya. Lakini usinifungie nusu nusu."

Bibi alikuwa na desturi yake. Kila Ramadhani, jioni ya ishirini na sita, kijiji kizima kilifuturu pamoja uwanjani, Waislamu na Wakristo, kwa sababu kama tulilima pamoja tungekulaje mbalimbali. Siku hiyo kulikuwa na sharubati ya barafu. Bibi alikuwa na bilauri moja tu ya kioo, ya rangi ya buluu, vingine vyote nyumbani vilikuwa vikombe vya bati. Bilauri hiyo ilijazwa sharubati ya kwanza, naye akamwita mtoto aliyefunga bila kuvunja hata siku moja, akamuuliza mbele za watu, "Umekamilisha?" Mtoto akijibu ndiyo, alipewa bilauri, akanywa wakubwa wote wakimngoja. Mpaka wazee! Niliitamani bilauri ile kuliko nguo ya Idi.

Sasa barafu yenyewe. Friji kijijini lilikuwa moja, nalo halikuwa kijijini hasa. Lilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima, nyumbani kwa mchungaji wa Kianglikana aliyetoka huko milimani. Lilikuwa friji la mafuta ya taa, limeachwa na wazungu wa misheni walipoondoka. Chini lilikuwa na taa ya utambi, na Mama Mchungaji alikuwa akiutunza utambi ule kama mtoto mchanga, maana ukianza kutoa moshi hakuna kinachoganda. Siku mbili kabla ya futari, mama yangu alikwenda kwake na kapu la maembe. Waliyamenya, wakayapondaponda, wakayachuja nyuzi kwa kipande cha kanga safi, wakachanganya na pasheni, wakamimina kwenye makopo manne ya maziwa. Zaidi ya manne hayakuingia. Nyumbani mama alibaki na kazi ya kuloweka ukwaju na kutwanga tangawizi. Makopo yakishaganda yaliletwa, barafu ikapigwa mchi kinuni, ikatiwa kwenye maji ya ukwaju yaliyokolezwa sukari ya duka la ushirika. Ilikuwa inalia kwenye meno, kacha kacha. Sijapata tena kitu kama kile, na Zainabu ananijaribia kila likizo, maskini.

Kuyaleta makopo ilikuwa kazi yangu na Roda. Roda alikuwa binti wa mchungaji, darasa moja na mimi, dawati moja. Mama Mchungaji aliyapanga makopo ndani ya gunia lenye pumba za mpunga, akalifunga kwa kamba, akalining'iniza kwenye mti wa kubebea mabegani, nasi tukabeba, mimi mbele, Roda nyuma. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanionya maneno yale yale ya mama yangu: "Mkifungua gunia njiani, mtafikisha maji ya maembe."

Ilikuwa kama saa tisa na nusu. Koo lilikuwa limenikauka tangu asubuhi, maana tulipalilia shamba la shule. Nilichokuwa nakisikia ni baridi ya gunia kila lilipoyumba likanigusa mgongoni. Tulipofika mtoni, pale pa kuvukia juu ya mawe, Roda aliteleza kidogo, mti ukainama upande wake, gunia likamponyoka likaangukia ukingoni. Kamba ikalegea. Kopo moja likachomoka, na pande la barafu ya embe likatoka zima zima, likalala kwenye nyasi.

Nililiokota haraka. Nilitaka kulirudisha, Mungu ni shahidi. Upande mmoja ulikuwa umeshika mchanga, nikaufuta kwa kanga yangu. Maji ya manjano yakanichuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikalamba kiwiko. Nilipomaliza kiwiko nikalamba kiganja. Halafu nikauma.

Siwezi kuwadanganya, ilikuwa tamu. Nilikula kipande kama cha ngumi, nimechuchumaa, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua Roda alikuwa amesimama ananitazama, midomo yake imepasuka kwa ukavu. Nikamnyoshea kilichobaki.

"Chukua."

"Ngoja magharibi," akasema.

"Wewe si hufungi? Wewe Mkristo."

Akainama kufunga kamba ya gunia. "Nimefunga na wewe tangu siku ya kwanza. Ningekunywaje maji wewe unaniangalia? Ila usimwambie mama, atasema nitaugua."

Nilikumbuka yote kwa mpigo: mapumziko ya saa nne tulivyokaa wote nyuma ya darasa, nami nikadhani amenifuata kwa mazungumzo tu. Nilirudisha kipande kilichobaki ndani ya kopo, tukabeba mti wetu, tukaenda. Nilinawa mdomo mara tatu.

Jioni ile uwanja ulijaa. Mikeka ilitandikwa, mihogo ya nazi, magimbi, uji wa pilipili manga. Mchungaji na mkewe walikaa mkeka mmoja na baba yangu. Adhana ilipokwisha, Bibi akasimama na bilauri ya buluu imetokwa na jasho kwa baridi. Akaita jina langu. Nikaenda mbele. Roda alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika sinia la tende, anangoja wakubwa waanze ndipo aonje kitu.

"Hawa, umekamilisha?"

Kusema hapana lilikuwa neno dogo. Hakuna ambaye angenipiga, nilikuwa mtoto, sheria yenyewe ya kufunga ilikuwa haijanishika. Lakini mama alikuwa anatabasamu, baba ameinua shingo anione vizuri, na bilauri ile niliisubiri siku ishirini na sita.

"Nimekamilisha, Bibi."

Watu wakapiga makofi. Nikanywa. Baridi iliniuma meno, na ladha yake sikuisikia, mpaka leo nikiulizwa ilikuwaje ile ya bilauri siwezi kusema. Nilipoishusha nilimwona Roda. Aliweka sinia chini ili apate kupiga makofi na wengine.

Hakunisema. Si siku ile, wala mwaka uliofuata, wala hata tulipogombana juu ya kalamu tukaitana majina yote tuliyoyajua. Baadaye baba yake akahamishiwa parishi nyingine, wakaondoka na friji lao. Roda akaja kuwa muuguzi, mimi nikaolewa hapa Mikumi. Tulionana kwenye misiba na harusi, tukaulizana watoto. Kila nilipotaka kulisema nililiona jambo la kitoto, nikalimeza. Kumbe la kitoto ndilo halikumezeka. Bibi alifariki akijivunia Ramadhani yangu ile, nami nilimwacha ajivunie.

Roda amestaafu, anakaa Kilosa kwa mwanawe. Juzi, watoto wangu walipokusanyika hapa kwa joto hili la mwisho wa mwaka, nilimtumia ujumbe aje. Alikuja na fimbo na mzigo wa mapera. Zainabu alikuwa uani na blenda yake, glasi amezipanga mezani, akauliza ya kwanza ampe nani, maana kaka zake walikuwa wanagombania kwa kelele za kwao huko Dar. Nikasimama. Niliichukua glasi ile mkononi.

"Roda," nikasema, "umekamilisha?"

Vijana wakacheka, wakajua ni mchezo wa wazee. Roda hakucheka. Aliweka fimbo yake chini, akanitazama usoni.

"Nimekamilisha, Hawa," akasema. "Mwezi mzima."

Nikawaeleza wote. Nilisema mtoni, nilisema kiwiko, nilisema uongo niliomwambia Bibi mbele ya kijiji. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Zainabu alikuwa ameinua simu apige picha, akaishusha.

Leo barafu ipo saa yoyote, wajukuu wangu wanaitupa kwenye sinki ikibaki. Sidhani kama yupo kati yao aliyewahi kukaa na kiu kwa sababu tu rafiki yake ana kiu. Labda nawaonea. Nami nilikuwa na rafiki wa hivyo, na nilimfanyia nilivyomfanyia, katika enzi hizo hizo ninazozisifu.

Roda alikunywa taratibu mpaka nusu. Juu ya mdomo wake kulibaki mstari wa manjano. Kisha akaninyoshea glasi.

"Chukua," akasema.

Jua lilikuwa bado liko juu. Sikungoja magharibi.