Gunia Lenye Fundo Lisilo Langu

Ile miaka ya vita, hata ndagala, vile visamaki vya ziwa letu pale Baraka, zilipanda ndege kabla yangu. Njia ya Uvira, ile inayopita Makobola, ilikuwa imekufa. Hakuna dereva aliyekubali kuingia. Kulibakia kandege kamoja kadogo, kakikuja siku kanapenda, kakibeba samaki kwenda Bukavu.

Pale kiwanjani kulikuwa papa mumoja, muzee wa kupokea mizigo, na basoda bawili wenye bunduki nyuma yake. Sheria yake ilikuwa ngumu kama kichwa chake: unashona gunia akikutazama, unakaa nalo mpaka kwenye mizani, na ndani hakuingii kitu cha muntu mwingine. Waliogopa risasi na barua. Mwenye gunia la mashaka alipelekwa mu ile nyumba ya mabati pembeni, na saa ya kutoka mule hakuna aliyeijua.

Mi masomo nilisoma miaka miwili tu, lakini sindano ya magunia inaniheshimu. Fundo langu linaingia ndani kabisa, hata kucha haiwezi kulishika.

Siku ile nilishona magunia matatu papa akiona, halafu tukangoja toka asubuhi. Sauti ikitokea, bantu banainua vichwa: kumbe pikipiki. Tena: kumbe upepo. Bunduki ikalia upande wa milima, tukasimama, tukakaa, tukasimama. Halafu tumbo langu nalo likaanza vita yake.

Karibu yangu alikaa muke mwenzangu, muke wa pili wa bwana wetu. Tulikuwa tumenuniana tangu mvua iliyopita. Gunia hakuwa nalo; alisema amekuja kutazama ndege.

"Kalia magunia yangu," nikamuambia.

"Leo unaniona, yaya, mukubwa wangu?"

"Ninaona makalio. Yaweke hapo."

Nikakimbia vichakani. Narudi, ndege inatua. Gunia mbili zikapita kwenye mizani. Kwenye la tatu nikaona ncha ya kamba inaning'inia nje kama mukia wa mbuzi. Mu nyumba yetu, muntu wa kufunga vile ni mumoja tu.

"Mama, hili ni la mukono wako?" papa akauliza.

Nikamutazama muke mwenzangu. Alikuwa anatafuna kitenge chake. Nikisema ndiyo, na ndani kuna ubaya, nimekwisha. Nikisema hapana, anaenda kwenye mabati.

"Hilo fundo si langu," nikasema. "Tumbo liliniendesha, nikamuachia huyu. Lete kisu. Nitakata mwenyewe, munione."

Soda mumoja akacheka. Mwingine akageuza bunduki. Nikakata, ndagala zikamwagika, katikati mukatoka robe, gauni ya kitenge, mupya, imekunjwa ikawa kadogo kama sabuni. Wakaikung'uta, wakapapasa kila pindo. Hakuna kitu.

"Ni ya binti yangu," muke mwenzangu akasema. "Aliolewa, mwezi haujaisha bakakimbilia Bukavu na bwana yake. Sijui kama binti iko muzima. Mama anayepokea samaki kule anajua kanisa lao. Nilisema nguo itamutafuta."

"Ungeniomba!"

"Ungekataa."

Ningekataa, ni kweli.

Papa akamuachilia, lakini gunia lililokatwa halipandi. Tulilirudisha nyumbani, yeye huku, mi huku, tukitukanana mpaka pumzi ikatuishia.

Ndege iliyofuata, robe ndiyo nilitia ya kwanza, papa akiona.

"Ya nani tena?"

"Ya binti yetu. Papasa, umalize."

Nikashona. Fundo langu.

Toka hapo hatukutulia. Ndege ikilia, ninaacha sufuria motoni, yeye anaacha jembe, tunakimbia. Kila mara papa anatikisa kichwa: habari ya binti hakuna. Mpaka siku moja akatuita kwa mukono.

"Pilote wa ndege ametumwa neno toka Bukavu. Ati ile robe haifungiki tumboni."

Muke mwenzangu akajiangusha juu ya magunia ya bantu.

"Mama, toka kwenye mizigo!" papa akapiga kelele.

Hakusikia. Na mi nilikuwa nimeshafungua kitenge changu cha juu, ninakipima na mikono: kubeba mujukuu mugongoni, kitatosha.