Siku Mahakama ya Juu ya Amerika Ilipoketi Bungoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua lango. Ilikuwa shule ya kutwa karibu na Tuwan, Kitale, nami nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani yule anayeajiriwa na bodi ya shule huku serikali ikitafuta mwalimu wa kudumu. Chuo cha ualimu sikupitia. Historia nilijisomea katika maktaba ya mji, na kwa hiyo niliogopa kila mkono ulioinuliwa. Andalio la somo, ule mpango wa kipindi kimoja, wenzangu waliliandika nusu ukurasa. Langu lilijaza kurasa nne. Hata mizaha niliipanga.

Mkuu wa Idara, mzee mpole aliyekuwa akistaafu mwaka huo, alilisoma akacheka. "Kijana, hii Amerika yako itafika Kipsongo lini? Watoto wako wanatoka huko. Anza na kitu wanakijua."

Sikumwelewa. Nilifundisha vita vya mwaka 1812 kama mtu anayesoma tangazo la mazishi: Waingereza waliwakamata mabaharia wa Amerika, Wamarekani wakakasirika, na mwisho wa vita hakuna aliyepata ardhi. Nilijua yaliyofuata ndiyo makubwa. Watu wa majimbo yale walianza kujiona taifa moja. Bidhaa za Uingereza zilipoadimika, viwanda vyao vilikua. Wakachimba mifereji, wakatengeneza barabara. Na Mahakama yao ya Juu, kesi baada ya kesi, ikasema sheria ya taifa hushinda ya jimbo. Yote hayo niliyajua, lakini darasa lilisinzia.

Kisha nikahamia Bungoma. Mwalimu Mkuu wa huko, mama wa maneno machache, aliniita ofisini. "Alhamisi nitaketi kwa darasa lako. Nikitoka, nitaambia bodi kama unabaki au unaenda."

Usingizi ulinihama. Somo la siku hiyo lilikuwa kesi ya boti, mojawapo ya zile za Mahakama ya Juu ya Amerika. Jimbo moja la Amerika liliwapa watu wachache haki ya kuendesha boti za mvuke katika maji yake. Mtu mwingine, mwenye leseni ya taifa, akaja na boti yake kutoka jimbo jirani. Apite au asipite? Nikiwa nahangaika na swali hilo, maneno ya yule mzee wa Kitale yakaniingia. Nikaacha boti, nikachukua pikipiki. Nilibuni kaunti mbili, moja ya mlimani na moja ya tambarare, na ile ya mlimani ikaruhusu kundi moja tu la bodaboda kuvusha viazi mpakani, kisha akaja mgeni wa tambarare mwenye leseni ya taifa. Alhamisi, Mwalimu Mkuu akiwa ameketi nyuma, niligeuza darasa kuwa mahakama, na kiti cha Jaji Mkuu nikampa Chemutai, msichana wa Kapsokwony kule mlimani, ambaye baba yake ni wa bodaboda.

Wafula, wakili wa kaunti ya mlimani, alisimama kifua mbele. "Mheshimiwa, barabara ni yetu, mlima ni wetu, hata viazi ni vyetu. Sasa huyu mgeni, ati ana leseni ya Nairobi, anatafuta nini?"

Madawati yalipigwa. Chemutai alingoja yatulie.

"Barabara ikishavuka mpaka si ya kaunti moja tena. Biashara ya huku na huko iko chini ya sheria ya taifa. Mgeni apite."

"Umetuuza, bana!" Wafula alisahau uwakili. "Si baba yako ni wa boda? Atakula nini?"

"Atakula viazi. Na yeye pia atafika Kitale bila kuomba mtu ruhusa."

Tulikuwa bado tunacheka Mwalimu Mkuu aliposimama kule nyuma. "Mheshimiwa Jaji, mimi sijaridhika. Naomba kukata rufaa."

Chemutai alikaa wima. "Hii ndiyo mahakama ya mwisho, Madam. Hakuna rufaa. Tafadhali keti."

Kazi yangu ilikuwa imesimama pale nyuma, imevaa miwani. Kila kitu ndani yangu kilitaka nimwamuru msichana aombe radhi. Lakini alikuwa sahihi, ndivyo nilivyomfundisha. Nikafunga mdomo.

Mwalimu Mkuu akaketi.

Kipindi kilipoisha, alinisubiri nje ya mlango. "Kwa hivyo mimi nimeambiwa nikae chini, kwa shule yangu mwenyewe." Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. "Ungemkatiza huyo mtoto, leo ndiyo ingekuwa siku yako ya mwisho. Kesho chukua Kidato cha Tatu pia."

Nilifundisha hapo hadi serikali ilipoleta mwalimu wa kudumu, kijana mzuri, nikamkabidhi madarasa yangu. Nina miaka thelathini na minne, na watu hucheka nikisema nimestaafu. Wacheke. Ninyi mnaoingia kazini sasa, sitawadanganya kwamba hofu huisha. Yangu haikuisha, hata niliporudia somo moja mwaka baada ya mwaka. Ila nikiulizwa nilifanya nini cha maana katika ualimu wangu wote, sina haja ya kufikiri. Nilinyamaza kwa pumzi chache, na mkuu wangu akatii uamuzi wa msichana wa Kapsokwony.